Maumivu ya Mguu Yanayoisha Ukisimama

Mtu anatoka mwaloni Mwigobero, mjini Musoma, na ndoo yake ya dagaa, au anapanda mlima kurudi kwake Butiama. Akienda kidogo, shavu la mguu linambana. Anasimama, anasalimiana na mpita njia, na baada ya dakika chache maumivu yamekata. Akiendelea, umbali uleule, yanarudi. Nyumbani wanasema ni uzee, wengine baridi yabisi. Anachuliwa kwa dawa, miezi inapita.

Maumivu yanayokuja kwa mwendo na kuondoka kwa kusimama yana asili yake. Goti bovu halitulii upesi hivyo, na mgongo uliobana neva hutaka mtu akae au ainame kwanza. Haya yanatokana na damu. Ateri, mishipa inayoshusha damu miguuni, zimejenga mafuta na chokaa kwenye kuta zake, njia ikawa nyembamba. Mtu akikaa, damu inayopita inamtosha. Akitembea, msuli unadai zaidi na haupati. Zaidi ya watu milioni 200 duniani wana ugonjwa huu, na wengi wao hawasikii lolote. Hatari yake haiishii mguuni, kwa kuwa ateri za moyo na za ubongo huziba kwa njia hiyohiyo.

Sigara ndiyo adui mkubwa, kisha kisukari, presha, lehemu na umri. Kisukari ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa sababu huharibu ateri na neva kwa pamoja. Mguu unakosa damu, na papo hapo unapata ganzi, hivyo mwenye nao hasikii ile dalili ya kumwonya. Anatembea na msumari ndani ya kandambili mpaka jioni. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasiamke. Na katika utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, sababu iliyoongoza kwa watu kukatwa viungo ilikuwa mguu wa kisukari, ikiwapita hata majeruhi wa ajali. Bugando ndiko wagonjwa wa mkoa wetu wa Mara wanakopelekwa matatizo yakizidi uwezo wa huku.

Wengi hufika wamechelewa. Kidonda cha kidole kisichopona huitwa kulogwa, au husemwa mtu amekanyaga kitu kilichotegwa njiani, na wiki zinaishia kwenye majani na unga wa dawa. Simlaumu mgonjwa. Kidonda kisichouma hakimtishi mtu. Lakini kidonda cha mguuni kwa mwenye kisukari kionwe na daktari siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mhudumu huweka vidole juu ya wayo, na nyuma ya kifundo upande wa ndani, akitafuta mapigo. Yakikosekana, au mguu ukiwa wa baridi na ngozi yake inang'aa bila vinyweleo, kuna jambo. Hapo hupimwa presha ya kifundo na kulinganishwa na ya mkono: ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoa chini ya 0.9, ateri zimebana. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu ateri huweza kukakamaa, kipimo kikasoma juu kwa uongo, hivyo namba nzuri peke yake isimridhishe. Ukienda kliniki ya kisukari, iwe Bunda au Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, vua viatu uombe miguu yako ishikwe. Ni haki yako.

Tiba yenyewe huwashangaza watu: ni kutembea. Unatembea mpaka maumivu yawe ya wastani, unasimama yaishe, unaendelea, kwa dakika 30 hadi 45, angalau siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Umbali unaoweza kwenda huongezeka kweli. Sigara iachwe kabisa, si kupunguzwa. Daktari huongeza dawa ya lehemu, aspirini au inayofanana nayo, na za presha na sukari. Mwenye kidonda, au anayeumwa wayo usiku mpaka anauning'iniza kitandani apate nafuu, asianze mazoezi haya. Huyo anahitaji kuonwa haraka, na huenda akahitaji kuzibuliwa mshipa au kuwekewa njia nyingine ya damu.

Usiupashe mguu wenye ganzi kwa maji ya moto wala kwenye jiko la mkaa, hautakuambia unaungua. Kagua nyayo kila jioni, na usiyeona vizuri umwombe mjukuu.

Na mguu ukigeuka ghafla kuwa wa baridi, mweupe, wenye maumivu makali au usiosogea, msisubiri asubuhi. Mara nyingi msuli hustahimili kukosa damu kwa saa 6 hivi, na safari ya gari kwenda hospitali inakula sehemu ya saa hizo.