Mkopo wa HESLB: Kwa nini mwanafunzi anaweza kuupata na bado akadaiwa ada

Majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka, swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: ada shilingi ngapi? Kwa kozi nyingi za shahada kwenye vyuo vya umma Tanzania, ada inacheza kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Familia inapiga hesabu, inagawa kwa mihula miwili, inasema tutajibana.

Tatizo ni kwamba ada sio gharama kubwa kuliko zote.

Kuna michango inayokuja juu yake: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bima ya afya, na Sh20,000 ya uhakiki wa ubora inayokwenda TCU. Hivyo ni vidogo. Kinachokula hela ni tumbo na kitanda. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) imeweka fedha ya chakula na malazi kuwa Sh10,000 kwa siku. Mwanafunzi akikaa chuoni siku 240 kwa mwaka, hiyo ni Sh2,400,000. Yaani kula na kulala kunazidi ada ya kozi nyingi.

Mkopo ni vipande

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. HESLB haitoi "mkopo" kama fungu moja. Kuna kipande cha chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mmoja anaweza kupata vyote, mwingine akapata chakula na malazi tu, na wote wawili wanasema "nimepata mkopo".

Hela ya chakula, ile wanafunzi wanayoiita bumu, humfikia mwanafunzi mwenyewe. Ya ada inakwenda moja kwa moja chuoni.

Chukua mfano wa kozi ya Sh1,300,000. Mwanafunzi amepangiwa asilimia 40 ya ada. Bodi italipa Sh520,000, familia inabaki na Sh780,000. Nyumbani wameshasikia mtoto kapata mkopo, wametulia. Muhula unasonga, chuo kinadai chake, na kijana anaanza kulipa ada kwa bumu. Bumu la siku 60 ni Sh600,000. Akilitoa lote bado anadaiwa Sh180,000, na hajala.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa mkopo umetoka, aulize asilimia ngapi ya ada. Mwanafunzi anaiona kwenye akaunti yake ya SIPA, kipengele kwa kipengele.

Nani anastahili

Mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35, awe amepata udahili wa kusoma muda wote kwenye chuo kinachotambuliwa, asiwe na kipato kingine cha kumsomesha, na awe amemaliza kidato cha sita au sifa linganishi ndani ya miaka mitano. Anaomba kupitia mfumo wa OLAMS na kulipa Sh30,000 ambazo hazirudi hata akikosa.

Kutimiza vigezo hivyo kunamwingiza tu kwenye foleni. Baada ya hapo bodi inapima uhitaji: familia inaweza kuchangia kiasi gani? Yatima, mwenye ulemavu au ambaye mzazi wake ana ulemavu, na anayetoka kaya ya TASAF wako mbele, ila kwa ushahidi. Aliyesoma sekondari kwa kulipiwa na mfadhili anatakiwa kuonyesha hivyo kwa maandishi, la sivyo ataonekana kama wa familia yenye uwezo.

Na ushahidi ndio unaoangusha watu. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mzazi lazima kihakikiwe na RITA kwanza (kwa Zanzibar ni ZCSRA), na uhakiki huo unachukua siku. Anayeanza wiki ya mwisho kabla ya dirisha kufungwa anajitafutia presha. Lingine ni namba ya mtihani wa kidato cha nne: ile aliyoombea chuo ndiyo aombee mkopo. Aliyerudia mtihani akatumia namba moja huku na nyingine kule, mifumo inamsoma kama watu wawili.

Majina ya wanufaika hutoka kwa awamu, hivyo kukosa awamu ya kwanza sio mwisho. Zikiisha, hufunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa isiyo na nyaraka mpya ni malalamiko tu. Yenye cheti kilichokosekana mwanzo ina cha kuzungumza.

Nje ya mkopo wa kawaida

Waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita wana Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Huu ni ufadhili, haurudishwi. Wanaokwenda stashahada nao, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na pa kukimbilia, walianza kukopeshwa 2023/24 kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu, kilimo na mifugo.

Kulipa

Deni linaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kumaliza chuo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa Sh800,000 anakatwa Sh120,000 kila mwezi, na kama anadaiwa milioni 9 atalipa kwa miezi 75, zaidi ya miaka sita. Aliyejiajiri anatakiwa kupeleka mwenyewe, kuanzia Sh100,000 kwa mwezi.

Nafuu iliyopo ni kwamba deni halivimbi kama zamani. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuitangaza Mei Mosi ya mwaka huo. Bodaboda wa miaka hiyo aliyekuwa na digrii mfukoni alikuwa akiona deni linakua wakati yeye hajapata hata ajira. Wa sasa anadaiwa, lakini akipunguza linapungua.