Africanus: Neno la Sifa la Kilatini

Mwanafunzi wa Munanila, katika milima ya Kigoma, aweza kufungua vitabu vya miti akakuta hapa Pygeum africanum na pale Prunus africana, akadhani ni miti miwili. Sivyo. Ni mti ule ule mmoja, ambao gome lake hupelekwa Ulaya kufanyiwa dawa ya tezi dume ya wazee. Na huko Kameruni na Madagaska mingi imekufa kwa kuchunwa mno. Atafutaye habari zake kwa jina moja tu atazikosa nyingine.

Neno lenyewe ni la zamani. Warumi waliwaita watu wa upande wa Karthago, ilipo Tunisia ya sasa, Afri, na mmoja wao Afer. Nchi yao ikaitwa Africa, nayo ikawa jimbo la Kirumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Hapo likatoka neno africanus, yaani “wa Africa”. Jemadari Scipio alipewa jina hilo kwa kumshinda Hannibal, ingawa yeye alikuwa Mrumi halisi! Baadaye jina la pembe ile ndogo likaenea bara zima.

Sifa ya Kilatini hufuata jina lake, kama ilivyo katika Kiha na Kiswahili. Sisi twasema mti mzuri, kitu kizuri, tukigeuza kichwa cha neno. Wao hugeuza mkia. Majina yao ni ya kiume, ya kike, na yasiyo ya kiume wala ya kike. Punda mwitu ni Equus africanus. Tembo ni Loxodonta africana, hata akiwa dume mwenye pembe ndefu, maana jina Loxodonta ni la kike. Hapo naona Kiswahili kimewashinda: twasema kiboko mkubwa, si kiboko kikubwa, kwa kumtazama mnyama mwenyewe.

Basi, mwaka 1864 mti wetu uliwekwa katika jamaa ya Pygeum, jina lisilo la kiume wala la kike, ukawa africanum. Mwaka 1965 mtaalamu Kalkman akauhamishia jamaa ya Prunus. Ungetazamia africanus, kwa kuwa Prunus laishia vivyo hivyo. Lakini Warumi waliihesabu miti karibu yote kuwa ya kike, hivyo ukawa africana.

Kwa kanuni hiyo, mwanamume wa Munanila angeitwa Munanilanus, na mkewe Munanilana.