Mchango wa Wiki ya Nne

Habari ikishatua kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwamba mwenzetu ana saratani ya mlango wa kizazi, mambo huenda mbio. Mweka hazina anatoa namba, orodha inafunguliwa, kila mtu anainakili na kuongeza jina lake, huyu ahadi, yule taslimu. Dua zinamiminika usiku kucha. Kufika wiki ya nne kundi limesharudi kwenye mpira na vichekesho, na mgonjwa ndiyo kwanza yuko katikati ya mionzi.

Saratani hiyo ikiwa imetoka nje ya mlango wa kizazi lakini haijasambaa mbali mwilini, matibabu ya kawaida ni mionzi ya nje, takriban vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, na dripu ya dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki. Baada ya hapo hufuata mionzi ya ndani. Kulala chini ya mashine ni dakika chache tu; kazi ni kufika. Lengo ni yote yakamilike ndani ya wiki nane, maana mgonjwa akikosa siku, seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaliana upya, na uwezekano wa kuumaliza uvimbe unapungua. Sasa chukua mama aliyetoka Kigoma kuja kutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anahitaji pa kulala muda wote huo, nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na mtu wa kubaki na watoto. Wapo wanaokatisha mionzi kwa sababu ya nauli, ilhali dawa zipo.

Ndiyo maana nasema fedha zisitolewe zote kwa mkupuo. Mkubaliane naye kwanza, kisha mumtumie kila Jumapili jioni. Mkupuo huishia kwenye madeni na kwenye kuwalisha ndugu waliokuja kutoa pole.

Halafu kuna ushauri. Hakukosekani mtu wa kutuma ujumbe wa sauti kuhusu majani ya mstafeli. Ni kweli dondoo la majani hayo limeua seli za saratani maabara, lakini kwenye kisahani cha maabara hata jiki ya kufulia inaua. Kwa binadamu haijathibitishwa kuwa yanaponya. Tena mwaka 1999 madaktari wa Guadeloupe, kule Karibi, waliripoti ugonjwa unaofanana na Parkinson kwa watu waliozoea stafeli na chai ya majani yake.

Si kwamba wasio madaktari hawana la kusema. Mwaka 2007 Mmarekani Dave deBronkart aligundulika kuwa na saratani ya figo iliyokwisha kusambaa. Daktari wake, Danny Sands, ndiye aliyemwelekeza ajiunge na kundi la mtandaoni la wagonjwa wa saratani liitwalo ACOR. Majibu yalikuja siku hiyohiyo: huu ugonjwa si wa kawaida, nenda kwa mabingwa wake, tiba ya uhakika hakuna, ipo dawa iitwayo intalukini, hospitali nyingi hazina, na mara nyingi haifanyi kazi, ila kwa wachache hufanya. Wakampa na majina ya madaktari wanne wanaoitoa, na simu zao. Akatibiwa, akapona. Linganisha na yule wa mstafeli: hawa walijua aina ya saratani, walikubali kwamba dawa yao hushindwa, na ushauri wao uliishia mlangoni kwa daktari. Kundi la wafanyakazi wenzako halina ujuzi huo, na halilazimiki kuwa nao.

Linachoweza kuwa nacho ni mtu mmoja mwenye gari asiyezima simu usiku. Mgonjwa anayetundikiwa dripu za dawa za saratani, chembe zake nyeupe za damu hushuka, kwa dawa nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na maambukizi madogo tu yanaweza kumuua kwa saa chache. Joto likifika nyuzi 38, panado isimcheleweshe hadi asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na anayempeleka aseme pale mapokezi, kabla ya kujaza fomu yoyote, kwamba huyu yuko kwenye dawa za saratani na dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani.