Basta ya Isiolo Haina Divai

Sisi wa pwani tambi twazijua kwa sukari, tui na iliki, hasa wakati wa futari. Isiolo, nyumbani kwa Wasomali, mgeni huandaliwa tambi ndefu kwa mchuzi wa nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. (Ndizi na nyama! Nilisitasita, kisha nikaomba ya pili.) Wao huziita basta.

Neno hilo ni la Kitaliani. Mtaliani alitawala kusini mwa Somalia hadi 1941, akarudi 1950 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa mpaka 1960. Lakini wazee wa kwanza wa Isahakia, askari waliopewa makazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, asili yao ni Somalia ya Mwingereza. Basta imewafikia hata wasiotawaliwa na mwenyewe!

Kule Bologna, katika jimbo la Emilia-Romagna, mchuzi wa nyama hutiwa divai, na nyama ya nguruwe haikosi. Wapo wanaodai kwamba mila hulindwa kwa kufunga mlango. Mama wa Isiolo aliufungua, akatoa haramu, akatia jira na bizari, na wanawe hawajui kwamba wala cha mgeni.

Kinywaji ni maziwa ya ngamia, yaleyale ambayo akina mama hao huyapakia basini kupeleka Eastleigh, Nairobi.