Lori la 99 Linapojitokeza Badala ya la 50

Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Busia ikiwa upande huu na Tororo upande ule, foleni ya malori ni jambo la kila siku. Januari 2022, Uganda ilipowatoza madereva dola 30 za kipimo cha korona, mkia wa foleni ulirudi nyuma kilomita nyingi kuelekea Bungoma. Nyakati za kawaida hali ni nafuu, kwani tangu 2014 sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda hulipiwa ushuru ikiwa bado Mombasa, chini ya Himaya Moja ya Forodha. Lakini ipo foleni nyingine isiyoonekana barabarani: orodha ya malori na stakabadhi zake ambayo wakala wa forodha huifungua kwenye kompyuta asubuhi na kuanza kuipitia, mstari kwa mstari, mbele na nyuma.

Orodha hiyo hutunzwa kwenye hifadhidata. Kati ya hifadhidata na programu ya wakala kuna kiendeshi, programu ndogo inayopeleka maombi na kurudisha majibu. Kiendeshi ndicho kinachosimamia kielekezi, yaani alama ya mstari unaosomwa kwa sasa. Mfikirie afisa anayetembea kando ya foleni ya malori: huenda hajalifikia la kwanza, huenda yuko ubavuni mwa lori fulani, au amekwisha kulipita la mwisho. Hali zote tatu ni halali, na hitilafu nyingi huzaliwa pale kiendeshi kinaposahau ile ya kwanza na ile ya tatu.

Kurudi nyuma hakukuwapo tangu mwanzo. Kiwango cha 1992 cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kiliweka amri za kwenda nyuma na za kuruka hadi mstari wowote, lakini lugha ya programu ya Java, toleo la 1.1 la 1997, ilikuja na njia ya kusoma hifadhidata kwenda mbele tu. Ruhusa ya kurudi ilifika na Java 1.2, Desemba 1998. Si habari ya mbali kwa watu wa mpakani: ASYCUDA World, mfumo wa forodha uliotengenezwa na UNCTAD na unaotumiwa na Uganda, umeandikwa kwa Java. Hitilafu inayoelezwa hapa haihusishwi na mfumo huo. Yaweza kukipata kiendeshi chochote kinachochota mistari kwa makundi.

Na makundi ndiyo kiini cha tatizo. Kuomba mstari mmoja mmoja kupitia mtandao kunachosha, kwa hiyo kiendeshi huchota, tuseme, mistari 50 kwa mkupuo na kuiweka karibu. Wakala amemaliza lori la 50, akabonyeza kwenda mbele, kundi la pili likaja: 51 hadi 100. Machoni pake yuko kwenye lori la 51. Kwenye seva inayotunza hifadhidata, hata hivyo, kielekezi kimeshasogea hadi la 100, maana ndipo uchotaji ulipokomea. Sasa akibonyeza kurudi nyuma, na kiendeshi kikapeleka amri ya FETCH PRIOR (leta mstari uliotangulia) bila kufikiri, jibu litakuwa lori la 99. Wakala aliyetaka la 50 anaona namba ngeni, analaumu mtandao.

Fundi mwenye haraka atasema: rudi nyuma kwa idadi ya mistari iliyochotwa. Toa 50 kwenye 100, unapata 50. Hesabu ni sahihi, ila pale kundi linapojaa tu. Chukua orodha yenye malori 87. Kundi la pili lilileta mistari 37, na kwa kuwa iliombwa 50 ikapungua, hifadhidata kama PostgreSQL huacha kielekezi baada ya mstari wa mwisho, yaani nafasi ya 88. Toa 37 na unaangukia 51. Lori lile lile linaonekana mara mbili! Orodha ikiwa na malori 100 kamili, kielekezi hubaki juu ya la 100 na dawa ile inafanya kazi tena. Ndiyo sababu hitilafu ya namna hii hupita majaribio yote ya ofisini, kisha ikajitokeza kwa mteja mmoja siku moja.

Dawa ya kweli ni kiendeshi kuacha kukisia seva iko wapi. Kitunze chenyewe namba ya mstari wa kwanza wa kundi kililonalo, na kila kinapohitaji kundi la nyuma kitaje nafasi kamili: kwanza MOVE ABSOLUTE 0 (rudi kabla ya mstari wa kwanza), kisha FETCH FORWARD 50 (leta mistari 50 inayofuata), halafu kijiweke kwenye mstari wa 50. Haiongezi kasi, kwa sababu PostgreSQL hupitia mistari yote ya katikati hata ukitaja namba kamili. Lakini polepole yenye jibu sahihi ni bora kwa mtu anayelinganisha stakabadhi na lori lililosimama nje.

Kuna mtego mwingine. Kielekezi kisipotangazwa kwa neno SCROLL, PostgreSQL huruhusu kurudi nyuma kwa baadhi ya maswali rahisi na kukataa kwa mengine. Jedwali moja linakubali, majedwali matatu yaliyounganishwa yanagoma. Kiendeshi kinachotegemea bahati hiyo hakijarekebishwa.

Majaribio yanayofaa ni machache lakini makali: orodha tupu, ya mstari mmoja, ya 50, ya 51, ya 87, ya 100. Ile tupu ina kichekesho chake. Katika Java, ukiuliza kama kielekezi kiko kabla ya mstari wa kwanza, jibu ni hapana. Ukiuliza kama kiko baada ya wa mwisho, jibu pia ni hapana.

Marekebisho haya yana mpaka wake. Kielekezi cha PostgreSQL husoma orodha kama ilivyokuwa kilipofunguliwa. Lori litakaloandikishwa dakika kumi baadaye halitaonekana, hata wakala apande na kushuka mara ngapi, mpaka programu itume swali upya.