Mtoto wa mchezaji kamari haishi bila kujua

Wanawake wa Miritini, Mombasa, wanaoniandikia huulizia dawa ya mume anayecheza kamari. Wachache humtaja mtoto, kisha hujijibu wenyewe: bado mdogo, haelewi. Anaelewa! Mtoto wa miaka saba anajua kwamba pesa ya mtihani haiombwi kabla baba hajaweka simu chini, na kwamba usiku wa mechi, lango likibamizwa, heri kujifanya umelala.

Tuanze na baba. Mwaka 2003 Wolfram Schultz na wenzake walichapisha utafiti ambapo kima walioneshwa picha zilizoashiria tone la juisi. Picha moja ilileta juisi kila mara, nyingine haikuleta kabisa, nyingine nusu kwa nusu. Seli za ubongo zinazotoa dopamini zilizidi kuchangamka wakati wa kusubiri, hasa kwenye ile ya nusu kwa nusu, kabla tone halijadondoka. Kutojua kwenyewe kulitosha. Ndiyo maana "akishinda mara moja atatulia" ni uongo. Akishinda atarudi kwenye Aviator, mchezo wa kamari wa simuni, kutazama ndege ikipaa, na pesa zikiisha atakopa kwa Fuliza.

Kwa hiyo jini wanayemsingizia wengi halihusiki. Mraibu wa unga hupelekwa kituo cha NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, hapahapa Miritini, wa kamari anapelekwa kwa mganga aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya stima. Huyo mganga na kijana anayeuza "utabiri" wa mechi Telegram ni wezi, basi.

Sasa mtoto. Mwaka 2016 watafiti wa London waliwachezesha watu mchezo wa kompyuta wa kukisia jiwe lipi lina nyoka chini yake. Nyoka akiwepo, mchezaji alipigwa shoti mkononi. Aliyejua hakika atapigwa alitulia kuliko aliyekuwa kwenye nusu kwa nusu. Jasho na mboni za macho zilionesha hivyo. Wale walikuwa watu wazima, wamejitolea, na mchezo ulikwisha. Mtoto wetu leo kaletewa kuku na soda, kesho TV imeuzwa. Mwili unakesha ukingoja, na darasani anaitwa mzembe.

Anachohitaji ni uhakika. Chakula na kulala saa zilezile. Karo itumwe moja kwa moja shuleni. Aambiwe wazi kwamba baba anaumwa, Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa huo, na si yeye aliyeusababisha. Asitumwe kupekua simu ya baba, asifichishwe siri za madeni, na ushindi usishangiliwe mbele yake. Hali ikizidi pigeni 116, simu ya watoto, bila malipo.