Pikipiki Kuukuu Ivujapo Oili

Wenye pikipiki za zamani wengi wamezoea kutandika kipande cha boksi chini ya injini kila jioni, na asubuhi wakikuta kimelowa oili husema kwamba uzee hauna dawa. Maneno hayo si ya kweli, tena ni ya hasara. Injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, pamoja na zile za Kichina zilizoigwa kwake ambazo leo hubeba abiria na mizigo mahali pengi Afrika Mashariki, hutumia oili ya lita 1 tu hivi. Oili hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Kijiko kikubwa kimoja kinachodondoka kila siku ni karibu nusu lita kwa mwezi, na asiyepima oili yake ataijua hasara hiyo siku pistoni itakapong'ang'ania ndani ya silinda. Zaidi ya hayo, oili ikirushwa hadi kwenye tairi la nyuma, dereva na abiria wake wamo hatarini kwenye kona ya kwanza.

Kosa la wengi ni kununua gasketi kabla ya kujua mahali oili inapotokea. Oili hushuka chini kwa uzito wake na hupeperushwa nyuma na upepo wa mwendo, kwa hiyo penye doa kubwa mara nyingi sipo penye tundu. Injini ikiwa imepoa, isugue kwa brashi na mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, na uiache ikauke kabisa. Usitumie petroli, hasa karibu na jiko. Ikishakauka, ipake poda ya watoto katika maungio yote, uiendeshe mwendo wa dakika 10, kisha uchuchumae utazame. Poda iliyolowa mahali pa juu kabisa, na mbele kabisa, ndiyo itakayokuonyesha chanzo.

Hata hivyo, usikimbilie spana. Jirani yangu mmoja alibadilisha gasketi ya chini ya silinda mara tatu katika msimu mmoja wa mvua, na kila mara oili ikarudi kutoka baada ya siku chache. Gasketi zake zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni kile kimpira cha kupumulia, ambacho kilikuwa kimezibwa na tope. Pistoni inaposhuka husukuma hewa iliyomo tumboni mwa injini, na hewa hiyo hutakiwa kutoka kwa njia ya kimpira hicho. Njia ikizibwa, au kimpira kikikunjwa na waya wa fundi mwenye haraka, hewa hutafuta upenyo penye udhaifu na kuisukuma oili itoke nayo. Basi kichomoe, kipulize, kisafishe, na hakikisha hakibanwi popote. Ikiwa kiko wazi lakini injini inapounguruma kinatoa moshi mwingi kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha, na hakuna gasketi itakayoponya ugonjwa huo.

Kujaza oili kupita kiasi nako huleta kuvuja. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika chache, kisha pima kwa kijiti bila kukizungusha katika hesi zake. Wengi hukikaza kwanza, kijiti kikaingia ndani zaidi na kuwadanganya.

Ikiwa oili inatoka nyuma ya sproketi ndogo ya mnyororo, sili ndiyo iliyochoka. Mnyororo uliokazwa mno huivuta shafti na kuila sili upesi, kwa hiyo ulegeze kwanza kwa kiasi chake. Sili mpya ipakwe oili mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani penye oili, na isukumwe taratibu kwa bomba lenye upana sawa nayo. Ukiona shafti imechimbika mfereji mwembamba ilipokaa sili ya zamani, iweke mpya milimita 1 nje kidogo, ili mdomo wake uguse chuma kizima.

Kwa mifuniko ya pembeni, toboa matundu katika boksi kwa mfano wa mfuniko na uchomeke kila bolti mahali pake, maana urefu wake hutofautiana, na bolti ndefu ikiingizwa penye tundu fupi hupasua alumini. Mabaki ya gasketi yaondolewe kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Bisibisi huacha mikwaruzo, na mkwaruzo mmoja ni mlango wa oili. Kaza kwa kupishana, kona kwa kona, kwa awamu mbili au tatu. Bolti ya milimita 6 hutaka mvuto wa kilo 10 hivi kwenye spana ya sentimita 10, si zaidi; anayeining'inia spana ataishia kununua mfuniko mzima.

Gundi ya silikoni, inayosifiwa sana vibandani, mimi siipendi. Ikipakwa nene hubinuka ndani, ikakatika vipande, na vipande hivyo hukwama katika kichujio cha wavu na kuinyima injini oili. Karatasi ya gasketi iliyokatwa vizuri na kupakwa oili kidogo yatosha.

Kazi ikiisha, washa injini hadi ipate joto, izime, na uiache ipoe usiku kucha. Asubuhi zipitie bolti mara moja, upime oili, na baada ya kilometa 50 uipime tena.